Mchango wa Maumivu

Shangazi Tusajigwe aliingia Kituo cha Lusungo akigomba. Alikuwa akigombana na bangili ya simu mkononi mwake, na ndani ya bangili alikuwemo mdogo wake Lugano, ambaye zamu ilikuwa yake na hakutokea.

"Kiuno kinanikaza, dada," sauti ya Lugano ikasema, na ukumbi mzima wa kusubiria ukasikia.

"Kiuno! Kwenye harusi ya Anangisye ulicheza mpaka jua linachomoza, kile kiuno ulikiazima wapi? Si ulisimama kanisani mwenyewe ukasema utambebea mtoto? Hakuna aliyekushika mkono."

"Nitabeba safari ya tatu."

"Ya tatu ni yangu. Endelea kukanda kiuno chako."

Akabonyeza bangili ikanyamaza. Akina mama waliokuwa kwenye mabenchi wakacheka, wakamsogezea nafasi. Alikuwa mwanamke mnene, mchuma chai wa zamani tangu kabla mashine hazijaingia mashambani Tukuyu, na kila aliyempenda aliwahi kutukanwa naye. Sekela, fundi wa mtambo, alimwamkia kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nifunge upesi kabla sijapata akili ya kukimbia."

Miaka ile hakuna aliyekwenda na bahasha kuchangia watoto wenye saratani. Fedha zilikuwapo. Serikali na makampuni zilishindana kuzitoa, na majina yao yalibandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko majina ya wodi. Kilichokosekana ni miili. Kulikuwa na dawa moja ya majaribio yenye jina refu kwenye maandishi, lakini watoto waliiita moto, na jina hilo ndilo lililodumu. Moto uliunguza uvimbe mpaka kwenye mzizi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: ulipita kwenye mishipa ya fahamu ukiikwangua kote ulikopita, na ukimpa mtoto dawa ya kutuliza maumivu, moto wenyewe unazimika. Kwa hiyo watoto walipewa moto hivi hivi, na wengine hawakuuawa na saratani wala na dawa. Waliuawa na maumivu. Moyo ulichoka katikati ya safari, yaani duru moja kati ya tatu za dawa, ukasimama.

Ndipo ukaja mtambo wa kupokezana. Mtoto hulazwa chumba cha kushoto na mtu mzima chumba cha kulia, kati yao kuna vioo viwili na chumba chembamba cha fundi. Mtambo huchota maumivu kwenye mishipa ya mtoto na kuyamimina kwenye mishipa ya yule mtu mzima, sehemu kubwa tu, si yote. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtambo ule uliwaumbua. Sasa mtu aliweza kuijua adhabu ya mwenzake na akaishi kuisimulia, ingawa wengi wa waliobeba hawakupenda kuisimulia.

Watu wa Rungwe walilielewa jambo hilo upesi kuliko wataalamu walivyotarajia. Waliona ni mchango, na mchango wanaujua. Ukoo ulikaa, ukapanga zamu, ukawasema wa kusemwa, ukawazomea wakwepaji. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, waliambiana, na safari hii hata tajiri hakuwa na cha kumzidi maskini.

Bupe, yatima wa marehemu kaka yake Tusajigwe, alikuwa tayari kitandani chumba cha kushoto. Alikuwa na miaka saba, na taya lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho limeinuka. Kuvimba huko hakukumzuia kusema.

"Dada Sekela, umeshafungua njia?"

"Nafungua sasa. Tulia."

Njia ilifunguliwa kila mara kabla ya dawa, ili miili miwili izoeane. Na hapo ndipo watoto wa wodi ya Lusungo walipobuni mchezo wao, mchezo ambao hakuna mtaalamu wa Baraza la Dawa aliyeufikiria, maana wataalamu walidhani mtoto mgonjwa hulala tu. Njia ikishafunguliwa, mtoto alijitekenya unyayo. Upande wa pili wa vioo, mbebaji wake, mtu mzima na heshima zake, alianza kujinyonganyonga akicheka. Katekista mmoja mnene alicheka mpaka akang'oa nyaya za kifuani. Wapo wabebaji ambao hawakucheka, lakini kila mmoja alikuwa na kisingizio chake. Wodi nzima iliijua hadithi hiyo, na hakuna mtoto aliyeingia chumba kile bila kuvua soksi.

Bupe alijikunja, akajitekenya unyayo kwa kidole. Akaangalia kwenye kioo. Shangazi Tusajigwe alikuwa amelala, macho darini, midomo ikichezacheza kwa sala.

Akajitekenya tena, kwa nguvu, mpaka mwenyewe akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima.

"Mbona Shangazi hacheki? Hata safari ile hakucheka," akalalamika. "Nilimuuliza, akasema nyayo zake zimekufa kwa kutembea peku kwenye mashamba ya chai."

Sekela alikuwa ameshika kifuniko cha mtambo. Alikiweka chini taratibu. Nyayo za Tusajigwe hazikuhusika na lolote. Aliyetekenywa hakuwa yeye, alikuwa Bupe, na mtekenyo wa Bupe ulipaswa kuwa umefika.

Alijua maana yake papo hapo, na alitamani asingejua.

Sheria ya utafiti ilielezwa waziwazi, hakuna aliyefichwa. Daktari Rwegasira, mkuu wa kituo, alishuka mwenyewe hadi ukumbi wa kanisa akawaambia wazazi kwamba watoto watagawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza litabebewa kweli. La pili litafungwa kwenye mtambo vilevile, na mbebaji ataumia vilevile, lakini atakayoyasikia ni maumivu yaliyonaswa zamani na kuhifadhiwa; ya mtoto yatabaki kwa mtoto. Bila hivyo, alisema, Baraza halitaamini kwamba kubebeana kunaokoa. Nani yuko wapi, hakuna atakayejua, si daktari wala fundi. Kisanduku cheusi kilichofungwa ndicho kitakachoamua. Kisha akauliza, "Tumeelewana?" Ukumbi ukaitikia, "Ndiyooo!" kama darasa la pili, watu wakapiga makofi, wakanywa soda.

Hawakuelewa, na hakuna aliyetaka kuwa yule anayenyoosha mkono kuchelewesha mkutano. Tena si ujinga. Ukipeleka mchele msibani, mchele unapikwa, unaliwa. Nani aliwahi kusikia kamati inayopokea mchango kwa mikono miwili, halafu inakwenda kuumwaga nyuma ya nyumba?

Dawa iliingia. Bupe akaanza kulia, na upande wa pili shangazi yake akaanza kulia. Sekela, katikati, alisikiliza kwa mara ya kwanza kwa masikio ya anayejua. Walikuwa hawalii pamoja. Mtoto alipopanda, mwanamke alikuwa anashuka. Tusajigwe alikuwa akiugua mateso ya mtoto mwingine wa zamani, labda aliyekwisha kufa, na Bupe alikuwa peke yake.

Moyo wa mtoto uliruka mapigo mara kadhaa, ukarudi. Safari ya pili ikaisha.

"Nimembebea, eti?" Tusajigwe aliuliza alipofunguliwa, kanga imelowa jasho, midomo imepasuka kwa kuumwa na meno yake mwenyewe.

"Umebeba, Shangazi," Sekela akasema. Ulikuwa ukweli, na ndiyo maana aliinama kukunja nyaya.

*

Daktari Rwegasira alikuwa akila ndizi za kuchemsha ofisini, akiwa amesimama. Alikuwa Mhaya mrefu aliyezeeka vibaya. Miaka aliyokaa na watoto wale ilikuwa imemla mashavu.

"Daktari, nina jambo. Linahusu Bupe na kundi lake, nime..."

Mzee yule akadondosha uma, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili kama mtoto anayeogopa radi.

"Usiniambie! Sekela, nakuomba. Nikijua, utafiti umekufa. Nitalazimika kuliambia Baraza, tutaanza upya na watoto wengine, na nusu yao watakuwa kundi la pili tena. Unanielewa? Usiniambie."

Sekela alisubiri mpaka viganja viliposhuka.

"Basi nikuulize jambo la kufikirika," akasema. "Tuseme fundi fulani amejua kwamba mtoto fulani habebewi. Anaweza kuruka kisanduku kwa waya mmoja. Akiunganisha, mtoto akapona, kuna ubaya gani? Si amepona?"

Daktari alikaa. Alitazama nje kwenye mvua, ambayo Tukuyu haikosekani, halafu akajibu polepole, akichagua kila neno.

"Mtoto huyo wa kufikirika ataingia kwenye hesabu kwamba amepona bila kubebewa. Baraza litasema, mnaona? Wanapona wenyewe, mnawatesa watu wazima bure. Wapo wanaolisubiri neno hilo. Mtambo utazimwa. Si hapa tu, kila mahali. Wote watakaokuja nyuma yake wataupokea moto peke yao, kama zamani." Akafuta midomo. "Tuko ukingoni, Sekela. Amebaki mtoto mmoja tu kumaliza safari zake, na atakavyomaliza yeye ndivyo mzani utakavyolala. Sijui yuko kundi gani. Sitaki kujua."

"Na akiwa wa kundi la pili, na asivuke?"

Daktari akaisogeza sahani kando. Mtoto wa kundi la pili akifa, kubebeana kumethibitishwa. Kifo chake kingekuwa hoja, tena hoja nzuri, na mwanamume yule aliyekaa pale akiwa amepoteza hamu ya kula aliijua hoja hiyo kuliko mtu yeyote.

"Ulikuja hapa kwa sababu ya mdogo wako," akasema mwishowe. "Alikuwa anaitwa nani vile?"

"Ambakisye."

"Ambakisye." Akatikisa kichwa. "Alikwenda peke yake, siyo? Mtambo ulikuwa bado."

"Mtambo ulikuwa bado."

Sekela alitoka. Alikuwa msichana wakati ule, akakaa nje ya mlango ameshika viatu vya mdogo wake, akimsikia, mpaka akaacha kumsikia. Aliapa kusomea mtambo wowote ule ambao ungemzuia mtoto mwingine asiwe peke yake namna ile. Na sasa mtambo huo ulikuwa mikononi mwake, umewashwa, unafanya kazi kama ulivyopangwa. Alijiona mchafu, akanawa mikono bombani bila sabuni wala sababu.

*

Siku ya safari ya tatu Sekela alikuja na waya mfukoni mwa koti. Ulikuwa waya mfupi, hauzidi urefu wa kiganja, na alikuwa ameamua. Aliamua akiwa anachambua mboga nyumbani, akaamua tena ndani ya treni, na alipopita kwenye ukumbi wa kusubiria aliamua kwa mara ya mwisho, kisha akafanya kosa la kuwatazama waliokaa.

Walikuwa wamejaa. Mabenchi hayakutosha, wengine walikuwa wamekalia kanga sakafuni, watoto wenye vichwa visivyo na nywele wamelala mapajani mwa mama zao wakisubiri utafiti uishe ili nao waandikishwe. Mama mmoja alikuwa akimlisha mwanawe uji kwa kumpulizia kila kijiko. Mtoto alikuwa hataki. Mama alikuwa hachoki.

"Bupe wetu anamaliza leo!" Tusajigwe aliwatangazia. Alikuwa amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa, imepigwa pasi. "Mkinisikia napiga kelele humo ndani msiogope. Mimi ni mwoga tangu kuzaliwa, nikiona sindano nalia kabla haijaingia."

Watu wakacheka. Alicheka pia, lakini aliendelea kunyoosha sare isiyo na kunjo, na Sekela alimwona. Alikuwa anaogopa kweli. Alikuwa anajua kinachomsubiri, na alikuwa amekuja amepiga pasi.

Kitandani, Bupe alivua soksi.

"Leo atacheka?"

"Jaribu," Sekela akasema, akiwa ameshika waya ndani ya mfuko.

Mtoto akajaribu. Hakucheka mtu.

"Basi," Bupe akasema, na kuivaa soksi. "Akitoka nitamtekenya kwapani. Kwapani hakuna chai."

Moto ukaingia.

Hapa msimuliaji angependa kusema kwamba Sekela alipima, akachagua, na kusimama na uamuzi wake kama mtu mzima. Haikuwa hivyo. Mtoto alianza kulia, Sekela akautoa waya, akauweka karibu na matundu mawili ya kisanduku. Halafu akajiambia, labda atavuka. Safari ya pili alivuka. Wapo wanaovuka peke yao. Akivuka mwenyewe, sitakuwa nimemwibia mtu. Labda. Akamwona yule mama wa uji. Akamwona Ambakisye. Upande wa kulia Tusajigwe alikuwa akipiga kelele, mgongo umeinuka kitandani, akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani, akiteseka kikwelikweli kwa ajili ya hewa tupu. Upande wa kushoto Bupe alikuwa ameacha kupiga kelele, amebaki kufungua mdomo tu. Mstari wa moyo ukaanza kuyumba. Labda, Sekela akasema, na safari hii alisema kwa sauti. Ngoja kidogo.

Hakuamua kumwacha Bupe. Aliamua kungoja kidogo, na muda ule mtoto akaachwa.

Mstari uliposhuka alikurupuka, lakini hakwenda kwenye kisanduku. Alifungua mlango wa kushoto, jambo ambalo fundi haruhusiwi kulifanya, akamshika mtoto mkono. Madaktari walikuwa wameshaingia. Walimsukuma pembeni, wakafanya kazi yao, wakaifanya kwa bidii. Mkono wa Bupe ulimbana kwa nguvu asiyoitarajia, kisha ukaacha kubana.

Upande wa pili wa vioo, mtambo ulipozimwa, maumivu ya kuazima yalikatika ghafla mwilini mwa Tusajigwe. Alishusha pumzi. Akatabasamu darini, jasho likimtiririka masikioni.

"Amemaliza," akasema. "Mwanangu amemaliza."

*

Baada ya kuanua matanga, ukoo ulikuja kituoni kushukuru. Ndiyo desturi, aliyekusaidia kuuguza hasahauliwi kwa sababu mgonjwa amekufa. Walikuja na mkungu wa ndizi, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, na vitenge viwili. Lugano ndiye aliyebeba mkungu, na kiuno hakikutajwa.

Tusajigwe alikuwa amekonda. Alimkumbatia Sekela akamtikisa kama anayepepeta mahindi.

"Kila mtu ananipa pole," akasema. "Nawaambia, pole napokea, lakini mimi nina bahati. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikumzaa, lakini niliujua. Niliubeba wote mpaka mwisho, na ulipokatika nilijua kapumzika. Hakuumia yule mtoto, Sekela. Alikwenda mwepesi. Wangapi wanazika mtoto wakijua hakuumia?"

Sekela alifungua mdomo. Lugano, mashemeji, watoto wa ukoo, wote walikuwa wakimwangalia kwa shukrani, na jogoo alikuwa akihangaika chini ya kiti. Alifikiri, neno hili nikilisema sasa, nitamwua Bupe mara ya pili, na safari hii nitamwua mbele yake. Alifikiri pia kwamba huenda anajitetea tu. Yote mawili yalikuwa kweli.

"Ndaga fijo," Tusajigwe akamwambia, akimwekea kitenge mabegani. "Asante sana, mwanangu. Na uniandike tena. Nibebe mwingine."

"Shangazi, pumzika. Umefanya yako."

"Nikapumzike nifanye nini? Nikae niuangalie ukuta?"

Jibu la Baraza lilitoka majira ya kuvuna viazi. Kubebeana kunaokoa, imethibitishwa. Kundi la pili limefutwa tangu siku hiyo, na visanduku vyeusi viondolewe. Kwaya iliimba kwenye ukumbi wa kusubiria, mama wa uji akacheza na mwanawe mgongoni, na Daktari Rwegasira akajifungia ofisini akalia mpaka wakamgongea mlango. Hotuba zilitaja wafadhili wote walioko ukutani. Bupe hakutajwa. Mzani ulikuwa umelala upande mwema, na kilichoulaza hakuna aliyekiulizia.

Sekela alikuwa nyuma ya umati. Kwa muda mfupi alifurahi. Alifurahi kwa kweli, kwa ajili ya wale watoto, kisha akatoka nje kabla kwaya haijamaliza.

*

Mtoto wa kwanza kuandikishwa alikuwa Ipyana, mvulana mwenye uvimbe tumboni, mtoto wa yule mama wa uji. Mbebaji wake wa kwanza alijitolea kabla hajaombwa. Alikuja na sare imepigwa pasi, akawatania wanaosubiri, akalala kitanda cha kulia.

"Funga upesi, mwanangu, kabla sijapata akili."

Sekela alimfunga nyaya. Alirudi kwenye chumba chembamba; mahali palipokuwa na kisanduku pamebaki alama ya mraba kwenye vumbi. Akafungua njia.

Chumba cha kushoto, Ipyana alikuwa tayari anavua soksi.

Sekela alimwona. Kulikuwa na kipaza sauti mbele yake. Angeweza kumwambia acha, lala, tulia. Neno moja lingetosha. Alikitazama kipaza sauti. Alikuwa amechoka kubeba peke yake. Akaweka mikono mapajani, asiguse kitu.

Ipyana akakunja mguu, akapitisha kidole unyayoni.

Na Tusajigwe akacheka.

Kilikuwa kicheko cha ghafla, chembamba kama cha msichana, kikamtoka kabla hajajua kinatoka. Mguu wake wa kulia ulijikunja wenyewe kitandani. Ipyana, kwa furaha ya kumpata, akajitekenya tena, na mwanamke akapiga ukelele, akacheka mpaka machozi, akipigapiga godoro, "Acha! Acha wewe mtoto! Nani kakufundisha..."

Akanyamaza.

Alibaki amelala, mkono mmoja hewani. Kisha taratibu, kwa sababu ya nyaya, aliinua kichwa akautazama mguu wake. Aliutazama unyayo wake mgumu, uliopasuka, uliokufa kwa kutembea peku kwenye mashamba ya chai. Sekela aliona uso ule ukikumbuka. Ulirudi nyuma, kwenye safari ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa mtoto aliyevua soksi kila mara na kuuliza, mbona hucheki.

Tusajigwe akageuza kichwa kwenye kioo.

"Sekela," akasema. Hakupaza sauti. "Yale niliyobeba, yalikuwa ya nani?"

Dawa ilikuwa imeshaanza kushuka kwenye mrija kuelekea mkononi mwa Ipyana, na moto ukishashuka haurudishwi. Sekela alisimama. Aliweka kiganja kwenye kioo, machozi yanamtoka, akatikisa kichwa, na kutikisa huko kulikuwa jibu: hayakuwa ya Bupe.

Tusajigwe angeweza kung'oa nyaya. Zilikuwa pale kifuani, zimeshikwa na gundi tu. Katekista alizing'oa kwa kucheka. Tusajigwe alizishika. Upande wa pili wa vioo mtoto wa watu akaanza kulia, na wakati huohuo, sauti kwa sauti, pumzi kwa pumzi, kilio kilekile kikaanza kumpanda yeye kooni.

Akaziachia nyaya. Akashika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili na kubeba, na muda wote aliobeba hakuondoa macho yake kwa Sekela.